Mbwa adimu ni fahari, lakini je, amechanjwa?

Majuzi mzazi mmoja aliniuliza kliniki: kati ya Basenji na Canaan, ni mbwa yupi anayefaa nyumba yenye watoto?

Basenji asili yake ni misitu ya Kongo, ambako hutumiwa kuwinda. Ni mdogo, wa kilo 10 hivi, na habweki kama mbwa wengine, kwa hivyo jirani wa ghorofani hatalalamika. Lakini hupenda kukimbia, na baadhi yao hurithi ugonjwa wa figo uitwao Fanconi. Mdai mwuzaji cheti cha kipimo chake.

Canaan ametokana na mbwa wa jangwani wa Palestina, ambao Rudolphina Menzel alianza kuwafunza miaka ya 1930. Huyu hufikia kilo 25, huwashuku wageni na hubweka sana. Anafaa boma lenye ua.

Hivyo, chagua kulingana na nyumba yako, wala si kwa kutaka sifa. Hata hivyo, swali la kwanza kwangu kama daktari ni chanjo. Kichaa cha mbwa hakichagui ukoo, na dalili zikishaanza, mgonjwa hufa karibu kila mara. Mtoto akiumwa na mbwa, hata wa nyumbani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali mara moja.

Asiyeweza kugharimia chanjo ya mbwa kila mwaka, heri asifuge.