Msiizike Skrini Ingali Hai

Kuna ugonjwa ulioingia katika maabara yetu ya tarakilishi nami siwezi kuunyamazia. Skrini ikikosa picha asubuhi, kufikia saa nne imebandikwa karatasi ya "IMEHARIBIKA" na kutupwa stoo. Sisi tunabaki kubanana watatu watatu mbele ya moja. Jamani, mtihani wa vitendo haumwulizi mtu kama alikuwa akichungulia begani kwa mwenzake!

Nasema hivi: skrini isiende stoo kabla ya kupimwa. Tazama kwanza kitaa chake. Kisipowaka, huenda ni stima tu, waya umelegea au swichi ya ukutani imezimwa. (Msicheke, wanaofagia hung'oa waya kila kukicha.) Kikiwaka, na skrini iandike kwamba haipati picha, basi yenyewe imekwambia iko hai, kosa ni la kebo au la tarakilishi. Iunganishe na tarakilishi ya jirani iliyo nzima. Picha ikija, mlikuwa mnamzika mtu anayepumua.

Kisha kuna hili la rangi. Kebo za VGA zina nafasi 15 katika safu tatu, na nyekundu, kijani na buluu kila moja ina pini yake. Pini ya buluu ikipinda, ukurasa mweupe hugeuka manjano. Anayeona manjano akasema kioo kimeoza hajaitazama kebo. Lakini kebo nyingi hazina pini ya 9 tangu kiwandani, kwa hivyo msije mkadhani imevunjika.

Fundi simkatai. Skrini bapa ikiwa nyeusi, nawe ukimulika tochi kwa upande ukaona picha hafifu, taa ya ndani ndiyo imekufa, na hiyo ni kazi yake. Zile kuukuu zenye kisogo kikubwa asizifungue mwanafunzi hata kidogo, kwani huhifadhi maelfu ya volti ndani hata zikishachomolewa.

Wapo watakaosema ati tutaharibu vitu. Tutaharibu nini, kilichokwisha kuandikiwa kifo? Kuzima stima, kulegeza skrubu mbili na kushika kichwa cha kebo badala ya kuvuta waya, hata kidato cha kwanza wanaweza.

Naomba ufunguo wa stoo Jumamosi moja tu, mwalimu wa maabara akiwepo. Mle mna skrini tisa. Nitaanza na ile ya manjano.