*VISHIKWAMBI VITOKE KABATINI: MWALIMU APEWE MAFUNZO, CHAJI NA BANDO*

Ndugu wanachama, wazazi na walimu wa Mbulu na Hanang,

Leo tunawaandikia kuhusu vishikwambi vya walimu. Mnavikumbuka tangu Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, makarani walipofika hadi boma la mwisho wakiwa navyo mkononi. Serikali ilinunua zaidi ya 200,000 kwa kazi ile, na sensa ilipokwisha ikaamua vipelekwe kwa walimu vikasaidie kufundishia. Uamuzi huo tuliuunga mkono na bado tunauunga mkono. Swali letu ni kwamba leo hii vinafanya kazi gani?

Tumezungumza na walimu wa pande zote mbili. Hatutataja shule wala jina la mtu. Wapo wanaovitumia vizuri, na hao tunawapongeza. Wapo ambao kishikwambi kwao ni cha kutuma takwimu na kupokea taarifa za vikao tu. Na wapo waliokifungia kabatini, kwa sababu ni mali ya Serikali na kioo kikipasuka wanaogopa watakatwa mshahara.

Wanachama, tusikimbilie kusema walimu wetu ni wavivu. Miongoni mwa makarani wa sensa walikuwamo walimu hao hao. Mashine ilikuwa ile ile na mkono ulikuwa ule ule, na hesabu ya nchi nzima ikapatikana. Tofauti ni moja. Kabla ya kutumwa kwenye kaya, karani alikaa kwenye mafunzo siku nyingi, akaulizwa maswali, akajaribishwa, na akawa na msimamizi wa kumpigia anapokwama. Kishikwambi kilipohamia shuleni, walimu wengi walikabidhiwa, wakasaini, basi.

Wazee wetu wanajua jambo hili kuliko sisi. Mwaka 1973 teknolojia ilikuwa redio, na kampeni iliitwa Mtu ni Afya. Karibu watu wazima milioni mbili walikaa kwenye vikundi kusikiliza na kujadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Redio peke yake isingeweza. Kwanza walifundishwa viongozi wa vikundi, kama 75,000 hivi, na vitabu vikachapwa. Nchi ikiwa maskini kuliko ilivyo leo ilielewa kwamba chombo hakimfundishi mtu bila mwenzake wa kukiongoza.

Sasa tuseme kinachowezekana darasani kwetu. Kioo cha kishikwambi ni saizi ya daftari. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi, na nyote mnajua madarasa yetu yalivyojaa kupita hapo. Ukikiinua mbele ya watoto wote hao, wa nyuma ataona mng'ao tu. Kwa hiyo tunadhani kazi yake ya kwanza ni ya mwalimu mwenyewe, jioni, anapoandaa somo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada, na mtaala ulioboreshwa ulioanza Januari 2024 umeleta mambo ambayo mwalimu wa zamani hakuyasoma chuoni. Mwalimu anayeona kitabu usiku huingia darasani asubuhi na chaki yake akiwa mtu mwingine. Vilevile sauti: mtoto anayetoka nyumbani na Kiiraqw, Kidatoga au Kihadza anahitaji kusikia hadithi ya Kiswahili mara tatu, mara nne, na hilo kishikwambi kinaliweza bila kuchoka. Watoto wa Katesh waliouliza kwa nini mlima uliporomosha tope tarehe 3 Desemba 2023 wanastahili mwalimu mwenye ramani na picha za kuwajibu, maana hilo si swali la kitabuni kwao.

Bando ndilo linalokwamisha. Mwalimu wa Yaeda Chini au wa kitongoji cha mbali huko Basotu asipangiwe kana kwamba yuko Babati mjini. Vitabu vipakuliwe mara moja pale kwenye kituo cha walimu au ofisi ya Afisa Elimu Kata, kisha kila mwalimu anayekuja na kishikwambi chake aondoke navyo, kwa memori kadi au kwa kurushiana, bila kutumia hata shilingi ya bando. Hili halihitaji mfadhili. Linahitaji siku moja na mtu anayejua.

Kuhusu mafunzo, utaratibu upo tayari. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unataka walimu wakutane shuleni kwao na kufundishana. Tunachoomba ni kwamba muda huo ulindwe, usimezwe na vikao vya michango na ukaguzi. Mwalimu kijana anayeijua mashine akae na mwalimu mwenye miaka 25 kazini anayelijua somo. Kila mmoja ana cha kumpa mwenzake, na hakuna posho ya semina ya siku mbili mjini inayoweza kushinda hilo.

Wapo watakaotuambia: madawati kwanza, nyumba za walimu kwanza, matundu ya vyoo kwanza. Ni kweli, na hayo hatujaacha kuyadai. Lakini vishikwambi vimeshanunuliwa, na betri iliyokaa kabatini inakufa ikitumika isitumike. Kila muhula unaopita tunapoteza fedha tuliyokwisha kulipa.

Kwa hiyo tunawaomba madiwani wetu, wa chama chochote, wapeleke hoja halmashauri kabla bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai haijafungwa: paneli ya sola ya kuchajia kwa shule zisizo na umeme, fungu dogo la bando kwa shule, na utaratibu wa maandishi kwamba kishikwambi kikiharibika kazini mwalimu hakatwi. Hoja ianzie kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Wazazi mlio kwenye kamati za shule, ulizeni kwenye kikao kijacho vishikwambi viko vingapi na vinavyowaka ni vingapi.

Vijana wetu wenye vibanda vya kutengeneza simu Haydom, Dongobesh, Katesh na Mbulu mjini, nanyi mna nafasi. Sehemu ya vijana katika ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ni asilimia 4. Undeni kikundi, ombeni mkopo, mfungue huduma ya kutengeneza vishikwambi vya shule. Katibu wa tawi atawasaidia kuandika andiko, mfikeni Jumamosi baada ya mnada.

Walimu mnaotaka kutueleza hali ilivyo shuleni kwenu, tumeni ujumbe kwa kiongozi wa tawi mnayemfahamu. Majina yenu hayatatoka.

_Imetolewa na Katibu Mwenezi kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi. Sambaza kwenye makundi ya kata na vijiji._