Mkuki Upo, Shoka Lipo, Jembe Liko Wapi?



Kila Julai 25 mnaiona kwenye TV. Rais anaweka mkuki na ngao mnarani, mkuu wa majeshi anaweka sime, kuna upinde na mshale, kuna shoka, kuna shada la maua. Tarumbeta inalia, watu kimya, wazee wenye medali vifuani wanapita kwa mwendo wa polepole. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Babu yangu alikuwa wa kupita pale, kama mguu ungemruhusu. Ila mara ya mwisho nilikaa sebuleni nikaanza kuhesabu vitu. Mkuki upo. Sime ipo. Shoka lipo. Jembe halipo. Na hawa jamaa jembe wanalo jamani, wamelichora kwenye bendera yao ya kijani pamoja na nyundo! Siku ya kuwataja mashujaa tu ndiyo wanalisahau nyumbani.

Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, kwa hiyo nikumbushe kidogo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Novemba 1 akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu akasimama akasema sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, hiyo mnaijua, tumefundishwa tangu darasa la nne. Jeshi lililokuwa na watu chini ya 40,000 likavimba mpaka likapita 150,000. Walitoka wapi? Polisi, magereza, na mgambo kwa makumi ya maelfu. Mgambo ni nani? Ni mkulima. Ni mtu aliyeacha jembe limeegemea ukuta wa nyumba. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka, tukashangilia, ikawa historia.

Sasa swali langu la kijinga. Yale mashamba yalipaliliwa na nani?

La kwetu lilipaliliwa na bibi yangu mzaa baba. Alikuwa na miaka 22, watoto wawili na mimba ya baba yangu. Babu aliondoka Novemba 1978 na lori la mgambo, akarudi katikati ya 1980 na chuma mguuni. Katikati hapo ni kama miezi ishirini. Kwa wasiojua Uhayani, kibanja kina mgawanyo wake: migomba na mikahawa ni ya mwanamume. Mwanamke ana maharage anayopanda chini ya migomba, na ana kishamba chake kule rweya, kwenye nyasi, cha njugumawe. Kukata mkungu, kupogolea mkahawa, kuuza kahawa, hayo yalikuwa ya babu. Vita vilipomchukua, bibi akashika panga la babu. Hakuomba ruhusa kwa mtu, maana wa kumwomba alikuwa Uganda.

Ananiambia shida haikuwa kazi. Kazi aliijua kwa kuangalia. Alikata nyasi rweya akatandaza kwenye migomba, akabeba samadi kichwani kutoka kwa jirani mwenye ng'ombe, akaanika kahawa ya maganda kwenye majamvi, mvua ikitaka kunyesha anakimbia na mtoto mgongoni kuikusanya. Shida ilikuwa siku ya kuuza. Karani anafungua daftari, jina lililoandikwa ni la mume. "Mama, mwenye jina yuko wapi?" Yuko vitani. "Basi leta mwanamume wa kusaini." Yaani serikali iliyomchukua mwenye jina ndiyo inamwuliza mwenye jina yuko wapi! Ikabidi aende na shemeji yake, mdogo wake babu, ambaye alisaini, akapokea pesa, akamkabidhi bibi baada ya kutoa ya rubisi. Misimu yote miwili ilikuwa hivyo hivyo.

Na hapo ndipo alipofanya kitu ambacho leo kimetupeleka barazani. Kwa kuwa kahawa ya kibanja ilikuwa na jina la mtu, akaamua kutengeneza yake. Alichukua kile kishamba chake cha rweya na nyasi za pembeni yake, akachimba mashimo, akaweka samadi na majani, akapanda migomba na miche ya mikahawa mpaka ile nyasi ikageuka kibanja. Mtu yeyote wa Kagera atakwambia kugeuza rweya kuwa kibanja ni kazi ya miaka. Babu aliporudi akakuta eneo jipya limeota, akacheka, akasema vita vimempa shamba. Wala si vita. Ni mkewe.

Babu alifariki tukiwa wadogo. Ukoo ukakaa. Wakamwambia bibi, "Shemeji, wewe kaa tu, hakuna anayekufukuza, kula ndizi zako." Maneno matamu. Msimamizi wa mirathi akawa yule yule shemeji wa kusaini. Miaka miwili iliyopita mwanaye aliliuza eneo la juu, lile la rweya, kwa mtu wa mjini. Bibi alijua siku alipoona vigingi.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa sheria. Nikapanda basi na vitabu vyangu nikidhani naenda kuwatoa jasho. Mzee mmoja wa baraza (silitaji ni baraza gani, shauri bado liko hai) aliniangalia kama anaangalia mtoto aliyevaa viatu vya babake, akaniambia: "Binti, sheria unayo wewe, na sisi tunayo yetu. Soma Tangazo la 1963."

Nikasoma. Nanyi someni. Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, sheria ya mila ya urithi. Kanuni ya 20 inasema mwanamke anaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu, haruhusiwi kuiuza, labda kama ukoo hauna mwanamume. Kanuni ya 27 ndiyo ilinilaza na machozi. Mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Basi. Kuna mtu alikaa ofisini akaona mjane ni mzazi aliyelipwa kwa kuzaa.

Mtu mzima atakuja na ile hoja, hii ni mila yetu, mabinti wa chuo msituletee uzungu. Sawa, tuongelee uzungu. Mila za Wahaya zilitiwa kitabuni mwaka 1945 na wazungu wawili wa serikali ya kikoloni, Cory na Hartnoll. Cory huyo huyo ndiye baadaye alipewa kazi ya kuunganisha mila za makabila ya upande wa baba ziwe sheria moja. Serikali ya uhuru ikachukua, ikapiga muhuri. Kwa hiyo mnaposema mila ya babu zetu, mnasoma daftari la mzungu aliyekwenda kuwauliza wazee wa kiume tu. Bibi zenu aliwauliza lini? Mwalimu mwenyewe mwaka 1967, katika Ujamaa Vijijini, alikiri kwamba katika jamii ya zamani wanawake walifanya kazi kuliko fungu lao na hawakutendewa haki. Alikiri miaka minne baada ya serikali yake kupitisha Kanuni ya 27, na Kanuni ya 27 ikaendelea kukaa kwenye kabati.

Halafu kuna mwanamke mmoja Mhaya ambaye kila mwanafunzi wa sheria nchi hii anamjua, Holaria Pastory. Alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akakimbilia Mahakama ya Mwanzo Muleba kutaka mauzo yafutwe, akashinda. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema hapana: Katiba sasa ina haki za binadamu, mwanamke na mwanamume wana haki sawa juu ya ardhi ya ukoo. Tulipofundishwa hukumu hiyo darasa zima lilipiga makofi. Nilipoitaja barazani hakuna aliyepiga kofi. Hukumu ipo, na tangazo nalo lipo, halijafutwa mpaka leo, na anayeamua kipi kisomwe ni mzee aliyeshika miwani.

Msidhani natia chumvi. Wajane wawili Wasukuma, waliofukuzwa na ndugu za waume zao, walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni hizi hizi. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba ni za kibaguzi, halafu ikakataa kuzifuta, kwa hofu kwamba mila zote za nchi zitafuata. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatupa rufaa yao kwa kasoro ya makaratasi. Wakaenda mpaka Umoja wa Mataifa, na Machi 2015 kamati ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema wazi Tanzania imewavunjia haki zao, ikaitaka ibadilishe sheria. Hiyo ni 2015. Hesabuni wenyewe chaguzi ngapi zimepita, na mara ngapi tumeimbiwa wimbo wa mama.

Na kinachouma zaidi ni kwamba jawabu lipo tayari kwenye sheria zetu. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161: ardhi ikiwa na jina la mwenzi mmoja, na mwenzi mwingine akachangia kwa jasho lake kuifanya izae, kuitunza na kuiendeleza, anahesabiwa kuwa amepata haki yake ndani ya ardhi hiyo. Kwa jasho, makamanda. Si kwa hati wala kwa sahihi ya shemeji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili kwa kiasi hicho. Hata kabla ya hapo, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, mahakama iliona fungu lake alishalipokea na kulitapanya. Mabinti wanaoanza sheria huwa wanalisahau hilo.)

Nimsemee na wakili wa upande wa pili, maana ndivyo tunavyofunzwa. Atasema kifungu cha 161 ni cha wanandoa walio hai, na mume akishafariki tunarudi kwenye urithi, yaani kwenye 1963. Ni hoja, siidharau. Lakini tazama inakotupeleka. Bibi alikuwa na haki kwenye lile eneo kwa jasho lake babu akiwa hai, halafu babu anakata roho saa kumi alfajiri, na kufikia saa kumi na moja jasho limekauka? Urithi ni wa mali ya marehemu. Fungu la bibi halikuwa la marehemu. Huwezi kurithi cha mtu ambaye bado anapumua na ameketi mbele yako kwenye benchi la baraza.

Sasa nigeuke huku kwetu, na najua nitachukiwa. Kwenye kongamano letu la mwisho la vijana nilipendekeza kufuta Tangazo 436 kuingie kwenye madai yetu. Kamanda mmoja ninayemheshimu akasimama akasema, "Dada, hoja nzuri, ila tukigusa mila vijijini tunapoteza kura. Tushike dola kwanza." Ukumbi ukaguna kwa kukubali. Kaka yangu, kura za nani? Kijijini kwetu wanaopanga foleni saa kumi na mbili asubuhi siku ya kupiga kura ni wajane! Chama tawala kinawapa kanga na kinawaacha na Kanuni ya 27. Sisi tunataka kuwapa nini, subira? Tukisema katiba mpya, katiba mpya, halafu tunaogopa tangazo la kurasa chache, basi tuambiane tu kwamba haki za binadamu zinaanzia kituo cha polisi anapokamatwa mwanamume na zinaishia getini kwa mama yake.

Na msiniambie vita ni habari za zamani. Desemba 7, 2017 vijana wetu 15 waliokuwa walinda amani waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini. Majeneza yalipokewa kwa heshima, bendera juu. Nami nawaza, mke wa askari aliye nje ya nchi usiku huu, yuko kijijini na shamba lenye jina la mume, analipa vibarua, anasomesha, anauza mahindi. Huyo mume akirudi ndani ya bendera, ni kanuni ipi itasomwa mezani kwa shemeji? Ile ya 1999 au ile ya 1963? Waziri wa sheria anaweza kujibu swali hilo kwa kupeleka bungeni muswada wa ukurasa mmoja.

Shauri la bibi limeahirishwa mara ya nne, safari hii kwa sababu mjumbe mmoja alikuwa na msiba. Tarehe mpya inaangukia wiki ya mitihani yangu. Nimeongea na mwalimu wangu wa sheria ya ardhi, amekubali nifanye mtihani wa marudio, nisafiri. Bibi ananiambia nisijisumbue, nibaki nisome. Kisha kabla hajakata simu akaniuliza kama nitakuja nipite Muleba nimchukulie panga jipya, la babu limeisha makali, na mikahawa ile ya juu haijapogolewa tangu vigingi vilipowekwa.