Mitambo Ni Yetu, na Hesabu Zake Ziwe Zetu

Huko Rufiji, katika bwawa lililopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, ipo mitambo tisa ya kufua umeme. Kila mmoja waweza kutoa megawati 235, na yote kwa pamoja megawati 2,115. Jiwe la msingi liliwekwa mwezi wa Julai 2019. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwezi wa Februari 2024. Na kabla mwaka 2025 haujafika katikati yote tisa ilikuwa imekamilika. Wananchi wengi wamekwenda kuutazama ukuta ule wa zege na kuufurahia, nao wana haki ya kuufurahia. Walakini kipo kitu kingine cha mitambo ile ambacho hakipigwi picha wala hakikatiwi utepe, nacho ndicho tutakachokizungumza leo. Kitu hicho ni hesabu yake.

Hatusemi hesabu ya fedha, ambayo ina wakaguzi wake. Twasema hesabu ile anayoiandika mhandisi ili ajue, kabla jambo halijatokea, mtambo utafanya nini ukitwishwa mzigo ghafula, au ukinyang'anywa mzigo ghafula, au radi ikipiga waya umbali wa kilomita mia tatu. Hesabu hiyo ikiisha kuandikwa hutiwa katika kompyuta, na kompyuta hujifanya kana kwamba ndiyo mtambo wenyewe. Kazi ya kwanza ni kuunda mfano, na ya pili ni kuiga. Zote mbili zaitumikia kazi ya tatu, yaani kuuongoza mtambo ili utii.

Wale tuliosoma katika shule za misheni tutaikumbuka dinamo ya baiskeli. Mwalimu wetu wa sayansi aliipindua baiskeli juu ya meza, akamwita kila mwanafunzi azungushe pedeli kwa mkono. Taa ikiwa haikuungwa, gurudumu lilikwenda kwa wepesi. Mara waya wa taa ulipounganishwa, mkono ulikuwa mzito, na aliyezungusha aligeuka nyuma akidhani mwenzake amelishika gurudumu kwa utundu. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba mwanga haupatikani bure: mtu akiwasha, mahali fulani lazima pawe na mkono unaoona uzito.

Gridi ya Taifa ni baiskeli hiyo hiyo iliyokuzwa. Mitambo yote iliyoungwa katika gridi huzunguka kwa kupatana, ili umeme wake utimize mizunguko 50 kwa sekunde. Kiwanda cha Mwanza kikiwasha mota zake, uzito huonekana Rufiji, Kidatu na Kihansi kwa wakati mmoja, na mitambo hupunguza mwendo kidogo. Hapo huingia kazini chombo kiitwacho gavana. (Jina hilo lisimtie mtu hasira, huyu hana kofia ya manyoya wala hakai ikulu.) Kazi yake ni kuuona mwendo umepungua na kuufungua mlango wa maji mpaka mwendo urudi pale pale.

Msomaji atasema: hilo ni jambo jepesi. La, si jepesi hata kidogo. Maji yaliyojaa katika bomba refu ni mazito mno, nayo hayakubali kuongeza mbio mara moja. Mlango ukifunguliwa kwa haraka, msukumo wa maji penye gurudumu hupungua kwanza, na kwa muda mfupi umeme hupungua badala ya kuongezeka. Gavana mwenye papara, akiona umeme umepungua, hufungua zaidi; kisha maji yakifika kwa nguvu zake zote mtambo hukimbia kupita kiasi; naye hufunga; na kufunga kwa haraka huongeza msukumo ndani ya bomba hata kuweza kulipasua. Gavana mzembe naye huchelewa, hata mitambo mingine huelemewa na kujitoa katika gridi. Kati ya papara na uzembe ipo nafasi ndogo ya mwendo ulio sawa, na nafasi hiyo haionekani kwa macho wala haijulikani kwa kukisia. Yapasa ipatikane kwa hesabu.

Hesabu hii si ngeni duniani. Mwaka 1929 mhandisi Mmarekani, Robert Park, alionyesha njia ya kuitazama mashine ya umeme kana kwamba mtazamaji amepanda juu ya rota, akazunguka nayo. Kwa mtu aliyesimama chini, kila kitu ndani ya mashine hupanda na kushuka bila kutulia. Kwa yule aliyepanda, mambo mengi husimama kimya na kupimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mjerumani Felix Blaschke alitumia mtazamo wa namna hiyo kuiongoza mota ya kawaida kwa usahihi ambao hapo kwanza haukuwezekana. Elimu hiyo imo vitabuni, na kijana yeyote mwenye moyo wa kusoma aweza kuipata. Kinachohitajika juu ya hiyo elimu ni tarakimu za mashine yenyewe: uzito wa rota yake, muda anaouchukua gavana wake kuitikia, jinsi koili zake zinavyoyapinga mabadiliko, na mipaka aliyowekewa. Mtambo wa Rufiji una tarakimu zake na wa Kidatu una zake, na mfano ulioundwa kwa tarakimu za mtambo mwingine ni sawa na dawa iliyoandikiwa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Tuna ushahidi wa jambo hili kutoka kwa mataifa yenye utajiri kuliko sisi. Tarehe 10 Agosti 1996, katika majimbo ya magharibi ya Marekani, siku ilikuwa ya joto kali na nyaya zilikuwa zimebeba mzigo mkubwa. Waya mmoja uliolegea kwa joto uligusa mti na kukatika katika kazi. Nyingine zikaelemewa. Katika bwawa la McNary, juu ya Mto Columbia, mitambo 13 ikajitoa mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa vyombo vya kuilinda vilidhani imeingia hatarini. Kisha mitambo ya kaskazini na ya kusini ikaanza kuvutana kama watu wawili waliokaa juu ya ubao wa kubembea, huyu akipanda yule akishuka, mvuto mmoja kwa kila sekunde nne hivi, na kila mvuto ukizidi uliotangulia. Gridi ikakatika vipande vinne, na wateja wapatao milioni saba na nusu wakakaa bila umeme.

Wahandisi walipokaa baadaye na kuitia habari hiyo katika kompyuta zao, kompyuta iliwaambia kwamba hakuna kilichoharibika. Katika mfano wao mvutano ulipungua na kutulia, hali katika dunia ya kweli gridi ilikuwa imevunjika. Kompyuta haikukosea kujumlisha. Kilichokosea ni tarakimu walizoilisha. Magavana waliodhaniwa kuwa wataitikia hawakuitikia vile. Na mota za viwanda na majumba, zilizo sehemu kubwa ya mzigo, zilikuwa zimeandikwa katika mfano kana kwamba ni taa tu. Tangu siku hiyo walifanya yaliyopasa kufanywa mapema: walikwenda katika vituo vya kufulia umeme, wakaipima mitambo yenyewe, wakalinganisha mfano na chuma. Twalishika somo hilo kwa mikono miwili, maana sisi hatuna fedha za kulijifunza mara ya pili kwa gharama yetu.

Lipo somo jingine, nalo ni la damu. Tarehe 17 Agosti 2009, katika kituo cha Sayano-Shushenskaya huko Siberia, mtambo wa pili kati ya kumi uling'oka mahali pake, maji yakafurika katika jumba la mitambo, na watu 75 wakafa. Kituo kile chenye megawati 6,400 kilikuwa fahari ya taifa. Uchunguzi ulionyesha kwamba boliti zilizokishika kifuniko cha mtambo zilikuwa zimechoka kwa kutikiswa. Magurudumu ya maji ya jinsi hiyo, yaitwayo Francis, yana tabia moja: yakiendeshwa katika mzigo fulani wa kati, maji yatokayo chini yake hujisokota kama kamba na kuutikisa mtambo mzima. Waliouunda waliagiza kwamba usikawishwe katika sehemu hiyo. Lakini mtambo ule ulikuwa umepewa kazi ya kupanda na kushuka ili kuisawazisha gridi, hasa baada ya moto kutokea usiku katika kituo cha Bratsk na kazi ile kuhamishiwa Sayano, nao ukawa unapita katika sehemu ile iliyokatazwa mara kwa mara. Mtikisiko ulipimwa, ukazidi kiasi, na mtambo haukusimamishwa.

Mitambo ya Rufiji nayo ni ya jinsi ya Francis. Hatusemi hivi ili kumtia mtu hofu, kwa kuwa maelfu ya magurudumu hayo yanafanya kazi salama duniani kote. Tunasema kwa sababu waliokufa Siberia walikuwa wafanyakazi waliokwenda kazini asubuhi kama wasomaji wetu waendavyo. Mfano wa hesabu unaotazama umeme peke yake, usitazame chuma kinachotikisika chini ya miguu ya fundi, ni mfano pungufu. Na fundi anayesema, "Leo mashine inanguruma vibaya," hana budi kusikilizwa, na neno lake liandikwe, kwa kuwa sikio lililokaa na mashine miaka mitano ni chombo cha kupimia.

Sasa natuingie viwandani, maana wapo watakaodhani kwamba habari hii ni ya wakubwa wa mabwawa tu. Mota ya kawaida ya fezi tatu ni mtumishi mvumilivu, lakini ina sheria zake. Nguvu yake ya kuzungusha hufuata mraba wa volti. Volti zikipungua kwa sehemu moja katika tano, nguvu hiyo haipungui kwa moja katika tano. Hubaki 64 katika mia. Mzigo haukupungua, basi mota huchelewa, huvuta umeme mwingi zaidi, hupata moto, na mwisho koili huungua. Tuliwahi kuiona mota ya mashine ya kukatia karatasi ikiungua mara tatu katika muda usiotimia mwaka, na kila mara aliyelaumiwa ni fundi aliyezisuka koili. Akaja kijana mmoja na mita yake, akakaa kutwa nzima, akagundua kwamba fezi moja ilikuwa ikipotea kwa muda kila alasiri. Fundi hakuombwa radhi, na jambo hilo linatuudhi hata leo.

Upande wa faida nao upo. Pampu inayosukuma maji mengi kuliko yanayotakiwa, kisha yakazuiwa kwa koki, inakula umeme kwa upumbavu. Ikiongozwa kwa inveta, mwendo ukapunguzwa hata kufikia 80 katika mia, yaweza kuhitaji karibu nusu tu ya nguvu ya kwanza. Garimoshi la umeme, ambalo tangu mwaka 2024 linawachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, huendeshwa na mota zinazoongozwa kwa elimu hiyo hiyo. Mwenye kiwanda anayelalamika juu ya bei ya umeme, hali pampu zake zote zinakwenda mbio moja usiku na mchana, na aanze malalamiko yake nyumbani.

Basi, tunataka nini? Tunataka kila mkataba wa kununua mtambo mkubwa useme wazi kwamba pamoja na chuma muuzaji atakabidhi mfano wa hesabu wa mtambo huo, tarakimu zake zote, na mipaka ya gavana na ya chombo kinachoongoza volti. Na kwamba malipo ya mwisho yasitolewe mpaka wahandisi wetu wenyewe wameupima mtambo ukiwa kazini na kuona kwamba mfano na chuma vinasema neno moja. Tunajua jibu la wauzaji: hizo ni siri za biashara. Hatukubali. Hatuombi mchoro wa bapa la gurudumu wala namna ya kuliyeyusha. Tunaomba kujua mashine tuliyoilipia itafanya nini ikishtuliwa. Anayenunua ng'ombe wa kulimia haombi siri za zizi alikozaliwa, lakini ana haki ya kuuliza kama hupiga teke.

Jambo hili limezidi kuwa la haraka kwa sababu hatuko peke yetu tena. Mwezi wa Desemba 2024 njia ya umeme ya kilovolti 400 iliiunganisha Tanzania na Kenya, nayo Kenya imeungana na Uganda tangu zamani. Njia hizo zikiwa kazini, mtambo wa Rufiji na mtambo wa Mto Nili penye Jinja hushikana mikono, na mvutano wa namna ile ya mwaka 1996 haujali mpaka wa nchi. Mataifa haya hayana budi kupeana mifano ya mitambo yao, iliyopimwa kweli.

Watu wa kuifanya kazi hii wako. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na kitivo cha uhandisi tangu mwaka 1973, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ina mizizi yake katika chuo cha ufundi cha mwaka 1957. Programu za kuiga mitambo kama vile Scilab na OpenModelica hazilipiwi, nazo huenda katika kompyuta ya kawaida. Wanafunzi na wapewe tarakimu za mota na jenereta zilizomo nchini, waunde mifano yake, kisha wapelekwe Hale, mahali palipoanza kufuliwa umeme mwaka 1964, au Kidatu, wakajione walipokosea. Na vituoni, siku fundi atakapobadili mpangilio wa gavana, hata kwa kugeuza skrubu moja, na aandike katika daftari tarehe, sababu na kiasi, na nakala ipelekwe siku hiyo hiyo kwa wale wanaouweka mfano wa gridi.