Diski ni yangu, ufunguo mnakaa nao wa nini?

Nimechoka kusikia kwamba kutia diski kuu ndani ya risiva ya setilaiti ni kazi ya fundi maalumu. Si kweli. Ni kazi ya bisibisi moja na dakika ishirini, na anayekuambia vinginevyo ama hajawahi kufungua risiva, ama ana kitu anachotaka kukuuzia.

Chukua Dreambox DM7000, ile ya Wajerumani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ndani inaendeshwa na Linux, na ina nafasi ya diski ya IDE ya inchi 3.5, ileile ya tarakilishi ya mezani. Mwaka 2008 ikaja DM800 HD, ndogo zaidi, yenye nafasi ya diski ya SATA ya inchi 2.5, ile ya kipakatalishi. Mashine hizi zingeweza kununuliwa zikiwa tupu. Ulienda dukani, ukachagua diski ya ukubwa unaotaka, ukaitia mwenyewe. Hakuna aliyeona ajabu.

Kazi yenyewe ni hii. Chomoa waya wa umeme ukutani, usizime kwa rimoti tu ukadhani umezima. Ngoja dakika kadhaa. Kapasita za pawa saplai hubaki na chaji, na kwa umeme wetu wa volti 240 chaji hiyo hupita volti 300, kwa hiyo weka vidole mbali na upande huo. Kama diski ni ya IDE, jampa iwe ya masta. Funga skrubu, chomeka waya wa data na wa umeme, funika, washa, kisha ingia kwenye menyu ya diski uagize ifomatiwe. Risiva itatumia ext3 au ext4, na hilo ni jema: stima ikipotea katikati ya mechi (na itapotea), jarida la mfumo huo wa faili huokoa mengi. Diski ya inchi 3.5 hutaka volti 12 na volti 5. Ya inchi 2.5 hutosheka na 5 pekee. Usilazimishe kubwa kwenye risiva iliyoundiwa ndogo. Na jamani, mtoe kile kitambaa cha kufuma mama alichofunika juu ya risiva. Diski hutoa joto.

Basi. Umemaliza.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Risiva hairekodi picha kwa maana ya kuitengeneza upya. Inapokea mkondo kutoka setilaiti, vifurushi vya baiti 188 kila kimoja, inachagua vile vya chaneli uliyotaka na kuviandika kwenye diski. Saa moja ya chaneli ya kawaida yenye kasi ya megabiti 4.4 kwa sekunde ni kama gigabaiti 2. HD ya megabiti 9 ni kama 4. Kwenye Dreambox matokeo ni faili ya .ts katika folda iitwayo movie. Ihamishe kwenye tarakilishi, ifungue kwa VLC, inacheza. Hakuna uchawi.

Lakini angalia visanduku vya kampuni nyingi za runinga ya kulipia. Diski iliyomo ni ya kawaida kabisa, ungeweza kuikuta kwenye rafu ya duka lolote la tarakilishi. Tofauti ni kwamba kila kinachoandikwa hufungwa kwa ufunguo uliozikwa ndani ya chipu ya kisanduku hichohicho. Shangazi yangu alirekodi siku kwaya ya kanisa lao ilipoonyeshwa kwenye runinga. Pawa saplai ikaungua. Kampuni (siitaji) ikampa kisanduku kipya, modeli ileile. Nikahamisha diski. Kisanduku kipya kikauliza swali moja tu: nifute kila kitu? Diski nzima, salama, haina hata sekta moja mbovu, na ndani yake shangazi anaimba mahali ambapo hakuna mtu atakayemsikia tena.

Wataniambia ni kwa sababu ya wizi. Hebu tuwe wakweli. Risiva iliyovuma sana kwa wizi wa kugawana kadi kupitia mtandao ilikuwa DM500 na nakala zake bandia, na DM500 haina nafasi ya diski ndani! Wizi ule ulipita kwenye waya wa mtandao, haukuhitaji hata gigabaiti moja ya hifadhi. Kufunga rekodi za mteja aliyelipa hakumzuii mwizi huyo hata kidogo.

Na hoja ya haki za watayarishaji? Ilishasikilizwa. Universal na Disney waliishtaki Sony kwa sababu ya Betamax, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji 5 dhidi ya 4, kwamba kurekodi kipindi nyumbani ili ukitazame baadaye si kosa. Sheria ya kwao si ya kwetu, najua, lakini hoja ilipimwa.

Sisi waandishi wa programu nasi tuache kujifanya hatuhusiki. TiVo ilitumia Linux, ikatoa msimbo kama leseni inavyodai, kisha ikaunda mashine inayokataa msimbo wowote uliobadilishwa. GPLv3 ya Juni 2007 iliandikwa kwa kiasi kikubwa kuziba mwanya huo. Linus Torvalds akaikataa, kiini cha Linux kikabaki na GPLv2, na mwanya huo ungali wazi. Visanduku hivi vinaandikwa na watu waliosoma madarasa niliyosoma mimi.

Ninachotaka ni kitu kidogo: kitufe kimoja kwenye menyu cha kutoa rekodi zangu kama .ts kwenye diski ya nje. Msinijibu kwamba ni vigumu kiufundi. Ufunguo upo, na kisanduku hicho kinautumia kila ninapobonyeza cheza.