Mkuyu wa Nyeri na Ki Yetu

Mtu wa Mombasa au Lamu aweza kukaa Nyeri mwezi mzima, akilitaja jina la wenyeji wake kutwa, asijue kwamba anataja mti. Gĩkũyũ, kwa maelezo ya wazee wengi wa huko, ni mkuyu mkubwa. Na mkuyu wenyewe ni huu huu wetu, wenye makuyu mekundu ambayo ukiyapasua hukuta wadudu tele. Ndugu wa mtini, ule uliolipa jina Sura ya At-Tin. Sisi twasema mkuyu, wao mũkũyũ. Hakuna aliyemwazima mwenziwe: neno ni urithi wa zamani wa lugha za Kibantu.

Mchezo umo katika ile ki. Kwetu ki hupunguza: mlima ukawa kilima, mtoto akawa kitoto. Kwao ki hukuza. Mũndũ ni mtu, kĩmũndũ ni pandikizi la mtu. Basi jina lililokusudiwa kuutukuza mkuyu, likishuka pwani, lasikika kama kijimti! Na k yao ikifuatwa na silabi ya k au t hugeuka g. Ndiyo maana kitanda chetu kilipopanda mlimani kikawa gĩtanda, na kikombe gĩkombe, ilhali Kĩrĩnyaga imebaki na k yake.

Hapo ndipo tulipovuruga. Twasema Mmeru na Kimeru, Mkamba na Kikamba. Kwa kanuni hiyo msemaji wa Kikuyu angekuwa Mkuyu, mti mtupu. Tukakimbilia Mkikuyu, na lugha yake Kikikuyu, kama mwenye kigugumizi. Marehemu Mzee Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938, aliilaumu tahajia ya Kikuyu kuwa kosa la Wazungu. Lawama hiyo twaona ituguse na sisi pia, maana ki hiyo ina harufu ya Kiswahili.

Kwa maoni yetu, Mgikuyu na Kigikuyu yatosha, wala hayakwazi ulimi. Wako watakaosema ni jambo dogo. Lakini jina hili huku mwambao hutajwa zaidi penye ugomvi wa mashamba na kura kuliko penye habari ya miti, na mtu hulitamka kwa ukali asijue kwamba nusu yake ni neno la nyanyake.

Msafiri wa Nyeri, akishapita Thika na kabla hajafika Sagana, ataona kibao cha mji uitwao Makuyu. Hapo hahitaji mkalimani.