Mchuma Chai Naye Apewe Miwani

Mwanaanga akikaa miezi sita huko juu, macho yanaweza kumgeuka. Damu na majimaji ya mwili, ambayo duniani huvutwa kuelekea miguuni, hupanda kichwani. Neva ya jicho huvimba, jicho lenyewe hubonyea kidogo kwa nyuma, na maandishi ya karibu yanaingia ukungu. John Phillips wa Marekani yalimpata mwaka 2005. Siku hizi NASA huwafungashia watu wake miwani ya akiba kabla hawajaondoka, hata wale ambao bado wanaona vizuri.

Hilo la mwisho ndilo tunalolitaka kwa wachuma chai wa hapa Nkungu, Rwanda.

Huku hakuna anayerushwa angani, lakini umri ukipita miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa. Chanzo si kile cha angani. Usumbufu ni uleule. Mama anasogeza simu mbali mpaka mkono unaisha, kisha anamwita mtoto amsomee ujumbe wa pesa, na namba ya siri anamtajia papo hapo.

Shambani hasara inapimwa kwa kilo. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti wa Assam, India: wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya karibu waliwapita wenzao wasiopewa kwa zaidi ya asilimia 20 ya mavuno. Haishangazi. Majani mawili na chipukizi huyachumi kwa kupapasa.

Rwanda haianzi sifuri. Kuanzia mwaka 2012 Wizara ya Afya na shirika la Vision for a Nation walifundisha wauguzi wa vituo vya afya kupima macho, na kulikuwa na miwani ya kuzungusha kitufe mpaka uone sawasawa. Kazi nzuri, ila huduma ya kituoni inamngoja mgonjwa aje. Mchuma chai haji. Hajioni mgonjwa, anajiona mzee.

Basi vyama vya wakulima wanaopeleka majani kiwanda cha Shagasha vimlete muuguzi pale kwenye mizani, siku ya malipo, na kasha la miwani mkononi. Aliyepita 40 apimwe kwanza. Mwenye dalili za mtoto wa jicho aandikiwe hospitali siku hiyohiyo. Na gharama ikatwe kidogo kidogo kwenye malipo ya majani, kama inavyokatwa ya mbolea.